Matangi ya maji taka chini ya basi: nifunge kwenye sakafu au kwenye chasisi?

BasiNyumba

Habari zenu wakuu, naomba mawazo kabla sijatoboa chuma chochote. Nina basi nalibadilisha liwe nyumba ya kutembea, viti vimeshatoka vyote, sakafu iko wazi naona mabati na mbavu zake, sasa nimefika kwenye maji taka. Nina matangi mawili ya plastiki, moja la lita 250 la maji ya sinki na bafu, lingine la lita 150 la choo. Yote nataka yakae uvunguni maana ndani nafasi hamna. Lile kubwa nimepanga likae pembeni kati ya chasisi na ubavu wa basi, la choo likae nyuma kabisa baada ya ekseli ya nyuma kwa sababu choo kiko juu yake hapo na bomba litashuka moja kwa moja.

Nilichofikiria ni ile mikanda ya bati yenye matundu, naizungusha chini ya tangi, mitatu kila tangi, afu napiga bolti kwenye sakafu kutokea ndani. Tangi likiwa tupu nalinyanyua kwa mkono mmoja ndo maana nikaona mikanda itatosha, lakini jamaa mmoja kaja kuangalia kanambia hiyo kitu itadondoka barabarani. Ndani watakuwa wanalala watoto na nyuma yetu kuna watu wengine wanaendesha, kwa iyo kubahatisha sitaki kabisa. Nikiongeza idadi ya mikanda itatosha? Au lazima fremu ya chuma? Na kama ni fremu ishikwe wapi? Kuchomelea najua kiasi.

FundiReli

Mkuu jamaa yako yuko sahihi, msikilize. Achana na uzito wa tangi tupu, huo hauna maana yoyote, hesabu ni ya tangi lililojaa mpaka mdomoni. Lita moja ya maji ni kilo 1, kwa iyo hapo una kilo 400 za maji tu bado plastiki na fremu yenyewe. Na usijidanganye kwamba utakuwa unamwaga kabla halijajaa, siku itafika umekosa pa kumwaga na utaendesha nalo likiwa limejaa.

Afu hizo kilo 400 ni wakati basi limesimama. Ukiingia kwenye shimo au ukaruka tuta, tangi linashuka na basi linapandishwa juu kwa ghafla, hapo kiunzi kinahisi uzito mara mbili mpaka tatu, mi huwa napiga hesabu ya mara 3, kwa iyo lile la lita 250 lichukulie kama kilo 750 zinazogonga kwenda chini, na zinagonga mara maelfu kwa maelfu. Ukifunga breki kali tangi linataka kwenda mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wake wote. Ukikata kona linataka kwenda pembeni. Mkanda unazuia kushuka tu, mbele na pembeni hauzuii chochote, tangi linateleza kidogo kidogo mpaka linachomoka.

Na ile ya matundu ndo mbaya kuliko zote. Kila tundu ni sehemu dhaifu, chuma chake ni chembamba, kingo zake zinasaga plastiki kila basi likitikisika, na kutu inaanzia palepale kwenye matundu. Kuongeza idadi hakubadilishi hayo. Mikanda ya kitambaa ya kufungia mizigo nayo usije ukafikiria, inalegea ikilowa, jua na mchanga vinaimaliza.

Tengeneza kitanda cha chuma, yani fremu ambayo tangi linakaa NDANI yake, chini kuna sakafu, pande zote nne kuna ukingo, juu kuna vyuma vya kulizuia lisiruke. Engo (chuma chenye umbo la L) ya milimita 50 kwa 50 unene milimita 5 ni karibu kilo 3.8 kwa mita, sio nzito, na kwa matangi ya saizi yako inatosha vizuri tu usiache nafasi ndefu bila msalaba.

mama_gurudumu

Naongezea hapo kwenye sakafu. Bati la sakafu ya basi ni jembamba sana, kazi yake ni kukanyagwa sio kuning'iniziwa mzigo. Watu wengi wanaangalia bolti wanasema bolti hii nene haiwezi kukatika, ni kweli haitakatika, bolti ya M12 (kipenyo milimita 12) yenye alama ya ugumu 8.8 kichwani ikivutwa moja kwa moja inabeba karibu tani 5 kabla haijaanza kurefuka. Kinachokufa ni bati, linapinda kuzunguka washa (kile kiduara cha chini ya bolti), tundu linapanuka, linapasuka nyufa, siku moja kichwa cha bolti kinapita katikati ya bati na tangi liko chini. Kwa iyo swali la kujiuliza kila mara ni bolti imeshika nini, unene wake usikutie moyo.

Mzigo upeleke kwenye chasisi, basi. Lakini kuna namna ya kuitoboa chasisi na ni muhimu sana usikosee hapo. Reli ya chasisi ina umbo la C, kuna uso wa wima katikati na midomo miwili juu na chini. Nguvu kubwa ya kupinda iko kwenye ile midomo, USITOBOE mdomo, na usichomelee kitu juu ya reli, reli nyingi za magari makubwa ni chuma kilichopikwa kwa joto maalum kiwe kigumu na ukichomelea unakilainisha palepale, ufa unaanza pembeni ya weldi na chasisi ikikatika hakuna fundi wa kukurudishia ilivyokuwa. Toboa uso wa wima tu, mbali na kona, na kama kuna matundu ya kiwandani ambayo hayatumiki anza na hayo. Mtengenezaji wa chasisi huwa ana kitabu cha maelekezo kwa wanaojenga bodi, kinaonyesha wapi panaruhusiwa kutoboa na umbali gani kati ya tundu na tundu, kitafute cha kwako kabla ya kushika drili.

Dereva_Mstaafu

Nakubaliana na wote ila msiseme chasisi kana kwamba kila basi linayo. Kuna mabasi ambayo hayana reli ndefu kabisa, bodi yenyewe ndo mfupa, chini kuna kimia cha skwea bomba (bomba za mraba) zilizochomelewa na kuna buti kubwa za mizigo pembeni. Mwenye basi kama hilo akisoma hapa atatafuta reli mpaka achoke. Huko tangi likae ndani ya buti la mizigo, lile limejengwa kubeba masanduku, na ufunge kwenye zile skwea bomba za fremu, bomba likiwa na ukuta mwembamba lipitishie kola (kipande kifupi cha bomba nene) ndani ya tundu au ubane kwa pleti mbili nje, la sivyo bolti ukiikaza inalibonyeza.

Hata kwenye basi la reli, mbavu nene za sakafu zinazokatiza upande hadi upande zinaweza kusaidia kushika upande wa nje wa fremu. Mbavu, sio bati. BasiNyumba hebu tuambie la kwako ni la aina gani.

BasiNyumba

Asanteni sana yani nimeelewa vitu ambavyo sikuwa nimefikiria kabisa, mikanda nimeshaitupa pembeni. La kwangu lina reli mbili ndefu toka mbele mpaka nyuma, springi za majani, injini mbele, propela (shafti ya kuzungusha ekseli ya nyuma) inapita katikati. Bodi imekaa juu ya reli ina vipande vya raba katikati yake. Swali sasa, lile tangi la lita 250 likikaa pembeni ya reli si litakuwa linaning'inia upande mmoja? Na lile la choo huko nyuma ni sawa?

FundiReli

Swali zuri na ndo linalowaponza wengi. Tangi la kilo 250 ambalo katikati yake iko sentimita 40 nje ya reli linaisokota reli, na reli ya C inastahimili kupindwa ila kusokotwa haipendi kabisa. Kwa iyo usifunge mkono kwenye reli moja ukauacha hewani. Chukua chaneli mbili (vyuma vya umbo la C) zikatize chini ya reli zote mbili, zishikwe kila reli kwa bamba la wima lenye bolti zaidi ya moja, moja juu nyingine chini, ili lisizunguke. Kitanda cha tangi kinakaa juu ya ncha za hizo chaneli. Ukipata kitu kizito cha kuweka upande wa pili mfano tangi la maji safi au betri, vinasawazishana na basi halitalala upande.

Angalia propela. Ekseli ikipanda na kushuka propela nayo inapanda na kushuka, kwa iyo usipime basi likiwa limesimama tupu tu ukaridhika, pima nafasi itakayobaki springi zikikandamizwa mpaka mwisho. Mabomba ya breki, ya mafuta na nyaya yasiguswe na chuma chochote kinachotikisika. Ekzosi iache mbali na plastiki na kama ni lazima zikaribiane weka bati la kuzuia joto lenye nafasi ya hewa. Nati zenye pete ya nailoni ndani ya kuzuia zisilegee nazo karibu na ekzosi hazifai, nailoni inayeyuka na nati inabaki haina cha kuishika.

mama_gurudumu

La choo huko nyuma mi nisingeliweka kama kuna namna nyingine. Tuseme katikati ya tangi iko mita 1.8 nyuma ya ekseli ya nyuma na kati ya ekseli mbili ni mita 6, tangi likijaa kilo 150 ekseli ya nyuma inaongezewa kilo 195 na ya mbele inapunguziwa kilo 45. Peke yake sio balaa, ila ukijumlisha na kitanda, kabati na vingine unavyorundika nyuma, usukani unaanza kuwa mwepesi. Afu pale nyuma ndo panapoburuza ukipanda mwinuko mkali au kutoka shimoni, na tangi la choo kupasuka barabarani hilo hata kulielezea sitaki. Kama choo hakihamishiki, basi tangi liwe juu kadiri inavyowezekana, karibu na ekseli, na mbele na chini yake uweke chuma cha kulikinga na mawe.

Jambo la bomba nalo usilipuuze. Umesema bodi imekaa juu ya raba, maana yake bodi na reli vinachezacheza tofauti. Choo kimefungwa kwenye bodi, tangi limefungwa kwenye reli, ukiunganisha kwa bomba gumu lililogundishwa kila upande litapasuka kwenye shingo ya tangi. Weka kiungo cha raba katikati. Na bomba lisibebe tangi wala tangi lisibebe bomba, valvu ya kumwagia iwe na kishikio chake kwenye fremu maana kila ukiivuta unavuta na shingo ya tangi. Bomba la hewa la kwenda juu ya paa ni lazima, bila hilo harufu inarudi ndani na tangi linavimba.

Dereva_Mstaafu

Kuhusu kitanda chenyewe, tangi la plastiki linataka kushikwa chini kote, sio kukalia vyuma viwili vitatu. Ukiliacha wazi kati ya vyuma linalegea na kushuka tumbo, hasa maji ya moto ya bafu yakiingia. Weka pleti ya chuma au plaiwudi nene ya kustahimili maji juu ya engo, juu yake shiti ya raba, na utoboe matundu machache ya kutolea maji ya mvua yasikae hapo yakala chuma. Pembeni pia kingo zipande angalau nusu ya kimo cha tangi. Matangi yenye mdomo juu wa kuning'inizia yapo, ila hayo yametengenezwa hivyo kiwandani, la kawaida usilining'inize kwa mdomo.

Mawimbi pia. Tangi lililo nusu linasumbua kuliko lililojaa, ukibeba ndoo iliyo nusu unajua inavyokuvuta huku na huku. Tangi refu la kuelekea mbele linakusukuma ukifunga breki, la kukatiza linakuyumbisha kwenye kona. Matangi mawili madogo ni bora kuliko moja kubwa, au tafuta lenye kuta za ndani za kuvunja mawimbi. Kwa lita 250 ningegawa.

BasiNyumba

Nimeelewa, nitagawa hilo kubwa yawe mawili, moja kila upande wa basi nje ya reli, na la choo nalisogeza karibu na ekseli, choo chenyewe kitahama kidogo bado sijajenga ukuta. Nikimaliza najuaje kwamba kimeshika kweli kabla sijapakia watu?

FundiReli

Jaza maji safi mpaka juu na uyaache usiku kucha. Kabla ya kujaza pima umbali toka ardhini mpaka kwenye fremu sehemu kadhaa na toka fremu mpaka reli, asubuhi pima tena. Umbali wa ardhini utapungua kidogo maana springi zimelala, lakini wa fremu na reli usibadilike, ukibadilika kuna kitu kinapinda. Piga alama ya rangi kwenye kila nati na bolti yake, M12 ya 8.8 kavu inakazwa karibu Nm 80 tumia spana ya torki. Afu endesha na maji hayo hayo bila abiria sehemu ya wazi, funga breki kali, kata kona pande zote, pita kwenye mashimo polepole, rudi uvunguni uangalie alama na weldi kwa tochi. Kaza tena baada ya kilomita mia moja hivi na baadaye iwe kila ukifanya sevisi.

mama_gurudumu

Na ukiingia uvunguni basi likae kwenye stendi za chuma na magurudumu yawekewe vizuizi, jeki peke yake hapana. Kama siku za mbele utataka kuchomelea kitu karibu na tangi la choo ambalo limeshatumika, litoe kabisa kwanza uliweke mbali, kinyesi kinatoa gesi ya methani inayolipuka na nyingine yenye sumu, kulimwaga tu hakutoshi. Nyaya za betri nazo zitoe kabla ya kuchomelea kokote kwenye basi.