Mkono wa roboti unaweza kuokota kipuri kimoja kimoja ghalani?

Mtunza Ghala, Dar es Salaam

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninasimamia ghala la vipuri vya magari. Mwezi uliopita mwajiri wetu alirudi kutoka kwenye maonyesho ya mitambo huko Ulaya akiwa na video za maghala ambayo ndani yake haonekani mtu, bali roboti zinazopita juu ya kreti zilizobebana na mkono wa chuma unaookota bidhaa na kuiweka kwenye boksi la mteja. Ameniagiza nimwandikie maoni kuhusu kufunga mtambo wa namna hiyo. Kazi ya stoo nimeifanya miaka mingi, lakini ghala kama hilo sijaliona kwa macho, nami sipendi kutia saini chini ya jambo nisilolielewa.

Hali yetu ni hii. Oda inapoingia kutoka gereji au dukani, kijana huchukua karatasi, huzunguka kati ya rafu na kikapu chake, hupanda ngazi panapohitajika, kisha huleta mzigo mezani kuhakikiwa. Wiki iliyopita nilimfuata mmoja wao nikiwa na saa mkononi alipokuwa akikusanya oda ya vitu 7. Alitumia dakika 22, na katika hizo, muda wa kushika vitu vyenyewe haukufika dakika 2. Uliobaki wote ulikuwa wa kutembea, kupanda, kushuka na kufungua maboksi yasiyokuwa na maandishi. Isitoshe, zipo gasketi ambazo mahali pake panajulikana na kijana mmoja tu aliyezipanga, na siku akiugua tunazitafuta kama watu waliopoteza funguo.

Naomba wenye uzoefu wanieleze: mkono huo unaweza kweli kuokota beringi, mkanda wa feni, balbu na brekipedi, kimoja kimoja, bila kukosea? Na kama hauwezi, je, mtambo wote hauna faida kwetu?

Mpokea Kreti, Uingereza

Ndugu Mtunza Ghala, saa yako imekwisha kukupa nusu ya jibu. Katika video hizo umeonyeshwa kazi mbili zikiwa zimeunganishwa kama kazi moja. Kazi ya kwanza ni kuhifadhi mzigo na kuuleta mbele ya anayeuhitaji. Ya pili ni kutia mkono ndani ya kreti na kutoa kitu kimoja. Ya kwanza ilipatiwa ufumbuzi zamani. Mwaka 1962, mjini Gütersloh, Ujerumani, kampuni ya Demag ililijengea shirika la uchapishaji la Bertelsmann ghala la rafu ndefu, zenye urefu wa mita 20 hivi kwenda juu, lililohudumiwa na kreni zipitazo katikati ya rafu. Ya pili bado inawatoa jasho wahandisi hadi leo.

Baada ya kreni zikaja roboti ndogo. Mick Mountz alifanya kazi Webvan, duka la vyakula la mtandaoni lililofilisika mwaka 2001 nchini Marekani, akajionea jinsi gharama ya kukusanya oda inavyoweza kuila biashara. Mwaka 2003 alianzisha Kiva Systems, ambayo roboti zake huingia chini ya rafu, huinyanyua na kuipeleka yote nzima kwa mfanyakazi aliyesimama mahali pake. Amazon iliinunua kampuni hiyo mwaka 2012 kwa dola milioni 775.

Mahali ninapofanya kazi tunatumia aina nyingine, ile ya kampuni ya AutoStore ya Norway, na nadhani ndiyo uliyoiona. Kreti za plastiki hupangwa moja juu ya nyingine bila nafasi ya mtu kupita, hata kufikia 16 katika safu moja, na juu yake kuna reli zilizokatana kama nyuzi za wavu. Roboti hupita juu ya reli hizo, husimama juu ya safu, huteremsha kishikio kwa mikanda na kuvuta kreti. Inayotakiwa ikiwa chini, zile za juu yake huondolewa kwanza na kuwekwa kwenye safu za jirani. Jambo lililonivutia tangu siku ya kwanza ni kwamba kreti zinazoitwa mara kwa mara hubaki juu, na zile za bidhaa zisizotoka huzama chini, bila mtu kukaa na kuzipanga. Mtunza stoo hodari hufanya hivyo kwa miaka. Mtambo huu hufanya kwa wiki chache.

Mimi nasimama dirishani, yaani mahali kreti zinapoletwa. Kreti inafika, kioo kinanionyesha picha na idadi, nachukua, naskani, naweka kwenye boksi la mteja, nabonyeza, nyingine inafika. Sitembei. Katika ghala lenye mamia ya roboti, kiungo kinachogusa bidhaa bado ni mkono wangu huu.

Mwaka jana walifunga mkono wa roboti kwenye dirisha la jirani yangu, nami nimekuwa nikiutazama kila siku. Maboksi ya dawa ya meno unayaokota vizuri bila kuchoka. Lakini niliuona ukihangaika na mfuko wa dengu: kikombe cha mpira cha kunyonyea, kilicho kwenye ncha ya mkono, kilishuka, kikanyonya nailoni, mfuko ukainuka kama kiganja kimoja, dengu zikaporomokea upande mmoja, nailoni ikakunjamana, hewa ikapenya, mfuko ukaanguka. Ulijaribu tena upande wa pili. Mara ya tatu uliposhindwa, kreti ile ililetwa kwangu. Limau zilizofungwa kwenye wavu haziletwi kwake kabisa, maana kikombe hunyonya hewa kupitia matundu na hakuna kinachonata.

Mwanafunzi wa Uhandisi, Ujerumani

Naongezea pale kaka alipoishia, kwa sababu kuokota ndiko ninakokusomea.

Amazon iliandaa mashindano ya roboti za kuokota bidhaa kwa miaka mitatu mfululizo: Seattle mwaka 2015, Leipzig mwaka 2016 na Nagoya mwaka 2017. Mwaka wa kwanza ilishinda timu ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, na mkono wao haukuwa na vidole. Ulikuwa kikombe cha kunyonyea kilichotumia nguvu ya mashine ya kufyonzea vumbi. Mwaka uliofuata timu ya Delft kutoka Uholanzi ilishinda kwa kasi ya bidhaa 100 hivi kwa saa, wakati mtu wa kawaida alikadiriwa kuokota 400, na katika kila majaribio sita roboti ilikosea takribani moja. Washindi wa Nagoya, Waaustralia, waliacha kabisa umbo la mkono wa binadamu wakatengeneza Cartman, chombo kinachoteleza kwenye reli za pande tatu mithili ya kreni ndogo, chenye kikombe cha kunyonyea upande mmoja na vidole viwili upande wa pili.

Tangu hapo kasi imeongezeka sana, lakini ugumu ni uleule kwa asili yake. Kamera za kupimia kina hutuma mwanga na kusoma unaporudi, kwa hiyo plastiki inayopitisha nuru huzidanganya, chuma kinachong'aa huutupa mwanga kando, na mpira mweusi huumeza. Sasa ndugu yetu na atazame rafu zake: beringi yenye grisi ndani ya nailoni, mikanda ya feni myeusi iliyosokotana, gasketi nyembamba yenye matundu. Kana kwamba mtu ameketi akachagua kwa makusudi vitu vya kuutesa mkono wa roboti! Balbu ndani ya boksi lake na brekipedi ndani ya boksi lake ni rahisi. Balbu isiyo na boksi ni habari nyingine.

Hata hao waliotangulia mbele ya wote hawajamaliza. Mwezi Mei 2025 Amazon ilionyesha roboti iitwayo Vulcan, inayofanya kazi Spokane nchini Marekani na hapa Hamburg, yenye uwezo wa kuhisi mguso, yaani inapima kwa nguvu kiasi gani inasukuma au kubana. Wenyewe walisema inaweza kushughulikia takribani asilimia 75 ya aina za bidhaa zilizomo katika maghala yao, na ikishindwa humwita mtu. Mwenye mtaji kama wao akibakiwa na robo ya bidhaa mikononi mwa watu, ghala la vipuri lisiahidiwe zaidi ya hapo. Ushauri wangu ni kwamba mtambo wa kuleta kreti unaweza kuwafaa hata bila mkono, kwa sababu dakika 20 kati ya zile 22 ni za kutembea na kutafuta, kazi ambayo mtambo huo ndio huifanya.

Mtunza Ghala, Dar es Salaam

Nawashukuru sana. Nilikuwa nimeutazama mkono tu, kwa sababu ndio unaovutia kwenye video. Nina maswali mawili yaliyobaki. Kumbukumbu zetu zimo katika leja na kadi za stoo, na nusu ya vipuri havina barkodi. Je, mtambo unaweza kuanza hivyo? Na umeme ukikatika?

Mfamasia, Muscat

Salaam kwenu. Duka letu la dawa lina mtambo mdogo kuliko hiyo mnayoizungumzia, lakini wenyewe huokota kitu kimoja kimoja na haukosei ovyo, nami nitaeleza kwa nini, maana jibu la swali la leja limo humo.

Dawa zinapofika tunazimimina kwenye mkanda. Mtambo huchukua boksi moja, husoma barkodi, hupima urefu, upana na kimo, kisha hulilaza popote penye nafasi ya kulitosha. Haupangi kwa majina wala kwa makampuni. Ukifungua mlango utaona dawa ya presha imelala kando ya dawa ya kikohozi, na mgeni angesema stoo hii imevurugika. Lakini kila boksi lina anwani yake ndani ya kompyuta, pamoja na tarehe ya kuisha muda, na linalokaribia kuisha hutoka kwanza. Nikiingiza cheti cha daktari kwenye kompyuta, kishikio hukimbia, hubana boksi na kulidondosha kwenye mtelezo hadi mezani pangu.

Unaweza kazi hiyo kwa sababu karibu kila kinachoingia ni boksi la pembe nne lenye barkodi inayosomeka. Chupa za mviringo na mirija iliyolegea tumeziacha kwenye droo, tunazichukua kwa mkono. Siku za mwanzo tulipata shida kubwa, na haikuwa ya mtambo: daftari letu lilikuwa na dawa zilizoandikwa kwa majina mawili, na vipimo vilivyokisiwa. Aliyetufungia mtambo alisema data zitajirekebisha zenyewe. Hazikujirekebisha; tulikaa usiku kadhaa tukihesabu na kuandika upya. Nakusihi, usikubali kusikia neno hilo kutoka kwa muuzaji yeyote.

Fundi Umeme, Mombasa

Kuhusu umeme. Roboti zenyewe zina betri, lakini kompyuta inayoziongoza, mtandao wake, madirisha na chaja hutegemea umeme wa jengo, kwa hiyo bila betri za akiba na jenereta ya uhakika kila kitu husimama. Tofauti na rafu zenu ni kubwa hapa. Leo umeme ukikatika, kijana huwasha tochi akachukua filta. Kwenye zile safu za kreti hakuna njia ya kupita, na filta iliyo ya kumi kutoka juu haifikiwi na mtu. Sakafu nayo lazima iwe tambarare kwelikweli na iwe na nguvu ya kubeba mzigo uliosongamana. Pimeni kabla ya kuzungumza bei.

Halafu moto, jambo ambalo sioni likitajwa kwenye video. Februari 2019 ghala la Ocado, duka la vyakula la mtandaoni, huko Andover, Uingereza, liliungua baada ya hitilafu ya umeme kwenye chaja kuwasha kifuniko cha plastiki cha roboti, na zimamoto walipambana nalo kwa siku nne. Julai 2021 roboti tatu ziligongana katika ghala lao la Erith na kuzua moto mwingine, ingawa huo uliharibu sehemu ndogo tu. Plastiki iliyosongamana bila njia ya kupita ni mahali pagumu kwa mtu mwenye bomba la maji. Nyinyi mna vipuri vyenye grisi na mpira. Mwiteni mtu wa zimamoto na mtu wa bima siku ileile mtakayomwita muuzaji.

Mtunza Ghala, Dar es Salaam

Nimesoma yote mara mbili, na nimezungumza na mwajiri jana jioni. Nimemwandikia kwamba mkono wa roboti tusiununue sasa. Kwamba mtambo wa kuleta kreti tuuombee bei kwa ajili ya vipuri vidogo vilivyomo kwenye maboksi peke yake, baada ya sakafu kupimwa. Na kwamba mabomba ya ekzosi, vioo na mikanda vibaki kwenye rafu. Nimeweka pia sharti kwamba vijana sita tulio nao wafundishwe kusimama dirishani, kwa sababu hao ndio wanaotofautisha kwa kidole gasketi mbili ambazo mimi naziona sawa. Amekubali hilo la mwisho bila ubishi.

Kesho asubuhi tunaanza na rafu ya beringi. Nimenunua mizani ndogo, futikamba na mashine ya kuchapisha barkodi, na yule kijana mwenye gasketi kichwani mwake atakuwa anasoma kwa sauti huku mimi nikiandika.