Naanza utarajali Kigoma wiki tatu zijazo: miaka mitano ya MD inakuacha na pengo wapi?

Mgebuka_Kibirizi
Wakuu, heshima kwenu. Nimemaliza MD (shahada ya udaktari), usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika umetoka, na utarajali nimepangiwa hospitali ya rufaa ya mkoa, Kigoma. Naanzia wodi ya wazazi, kisha watoto. Mwaka ukiisha nataka kuomba ubingwa wa watoto.

Sitafuti orodha ya vitabu, ninavyo. Nawauliza mnaosimamia watarajali: mtu aliyetoka chuo na ufaulu mzuri anakwama wapi hasa wiki za mwanzo? Na wale wanaotoka chuo wakaingia moja kwa moja kwenye ubingwa, kama Marekani, pengo lao ni hilihili?

Reli_ya_Kati
Hongera dokta. Pengo liko kati ya jina la dawa na bomba la sindano. Kwenye mtihani ukiandika "magnesiamu salfeti" kwa kifafa cha mimba, alama zako umepata. Leba saa tisa usiku sista ameshika bomba, anakuuliza: "Dokta, ml ngapi?"

Basi ihesabu sasa hivi ukiwa umetulia. Ya kwenye ampuli ni ya 50%, yaani kila ml 1 ina nusu gramu. Dozi ya kuanzia ni gramu 4 kwenye mshipa, lakini iwe ya 20%. Vuta ml 8, ongeza ml 12 za maji ya sindano, zinakuwa ml 20, sukuma polepole kwa dakika 5 hadi 20. Hapohapo gramu 10 kwenye misuli: gramu 5 (ml 10) kila tako, na ml 1 ya lidokeini ya 2% kwenye bomba lilelile, maana inauma kwelikweli. Baada ya hapo gramu 5 kila saa 4, tako kwa zamu, mpaka zipite saa 24 tangu ajifungue au tangu degedege ya mwisho, lolote lililochelewa.

Kabla ya kila dozi ya kuendeleza, mambo matatu: anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, goti likigongwa linaruka, na mkojo si chini ya ml 30 kwa saa kwa saa 4 zilizopita. Kimoja kikikosekana, dozi inasubiri. Kalsiamu glukoneti gramu 1 (ml 10 za 10%), ya kupinga magnesiamu ikizidi, ikae kwenye trei ileile, si stoo, stoo imefungwa na mwenye ufunguo kalala.

Wageni wanapoharibu ni kuandika "ampuli 4". Kuna ampuli za ml 2 zenye gramu 1 na za ml 10 zenye gramu 5. Shehena ikibadilika, "ampuli 4" yako imekuwa gramu 20. Andika gramu na ml. Neno ampuli lisionekane kwenye faili lako.

Asali_ya_Sikonge
Naongezea wodi ya watoto, maana Kigoma malaria kali utaiona kila zamu. Artesuneti ya sindano ni mg 2.4 kwa kilo: saa 0, saa 12, saa 24, halafu mara moja kwa siku. Akiweza kumeza, baada ya angalau dozi tatu, mpe dawa mseto kozi kamili. Watu wanaisahau hii ya mwisho, mtoto anaruhusiwa akiwa mzima kisha anarudi.

Kuchanganya ndiko kunakokwamisha. Kichupa cha mg 60 kinakuja na ml 1 ya bikaboneti. Unga unayeyushwa na hiyo kwanza, tikisa mpaka iwe angavu. Ukiona ukungu, usitumie. Kisha ongeza ml 5 za maji ya chumvi kwa mshipa (jumla ml 6, kila ml ina mg 10) au ml 2 kwa misuli (jumla ml 3, kila ml mg 20). Itumike ndani ya saa moja.

Kazuramimba_Juu
Mkuu Asali, rekebisha hapo kabla mtu hajanakili. Mtoto wa chini ya kilo 20 ni mg 3 kwa kilo, hiyo 2.4 ni kuanzia kilo 20 kwenda juu. Na wodi ya watoto ya Kigoma wengi wako chini ya 20.

Mfano: mtoto wa kilo 12. 3 × 12 = mg 36. Kwa mshipa ni ml 3.6, unapandisha ml 4. Kwa misuli ml 1.8, unapandisha ml 2. Mtoto huyohuyo sukari ikiwa chini ya 2.5, dextrose ya 10% ml 5 kwa kilo, yaani ml 60. Utaambiwa kuna ya 50% tu. Usihangaike: ml 12 za 50% na ml 48 za maji ya sindano, tayari. Ukimsukumia ya 50% bila kuipunguza, mshipa mdogo unaungua.

Jingine ambalo chuoni linapita kwa mstari mmoja: MRDT (kipimo cha haraka cha malaria) inabaki chanya wiki kadhaa baada ya malaria kupona. Mtoto aliyetibiwa juzi akirudi na homa, omba slaidi (damu iangaliwe kwa darubini), usianze sindano upya kwa sababu ya mstari wa pili.

Asali_ya_Sikonge
Kweli kabisa, asante kwa kunisahihisha. Mwanzisha uzi, fuata ya Kazuramimba.

Nyamwezi_Halisi
Mimi sikubali kwamba chuo kimeshindwa. Miaka mitano haiwezi kukufundisha shehena ya dawa ya mkoa fulani. Kosa la chuo ni moja: kinakufundisha kueleza mgonjwa kwa profesa, hakikufundishi kumpigia simu bingwa aliyelala.

Profesa anataka jina, umri, makazi, kazi, dini, malalamiko, historia. Ukipiga simu hivyo, dakika ya nne ndipo mtu anajua unamtaka aje. Anza na ombi:

"Daktari, naomba uje leba. Mama wa miaka 24, amejifungua saa moja iliyopita, damu imefika kama lita moja na bado inatoka. Presha 80 kwa 50, mapigo 130. Oksitosini imeingia, traneksamiki gramu 1 imeingia, kibofu kitupu, kondo limetoka lote, mji wa mimba bado mlegevu. Nimeomba damu chupa mbili, naandaa puto."

Kwa sekunde ishirini na kitu anajua aje mbio. (Traneksamiki, dawa ya kukata damu, ni ndani ya saa 3 tangu ajifungue, kwa dakika 10. Puto la kubana damu ndani ya mji wa mimba, kama hakuna la dukani, ni kondomu iliyofungwa kwenye katheta ya Foley (mpira wa mkojo), unajaza maji ya chumvi ml 300 hadi 500. Jifunze kulifunga hilo fundo nyumbani kwa uzi, kondomu na katheta viko duka la dawa.)

Na rufaa. Hospitali ya kanda, Bugando, iko Mwanza, zaidi ya kilomita 500. Kabla gari halijawashwa, hesabu oksijeni: mtungi wa lita 680 ukitumia lita 5 kwa dakika unaisha dakika 136. Hapo hamjafika hata nusu ya njia.

Mgebuka_Kibirizi
Nimeshukuru sana wakuu, naandika yote. Dakika 136 hiyo sikuwahi kuifikiria. Na la Marekani?

Dokta_Mwanga
La Marekani najibu mimi. Kule matokeo ya nani kaenda wapi yanatoka Machi, na wengi wanaanza Julai, moja kwa moja ubingwa: miaka 3 kwa magonjwa ya ndani au watoto, 5 kwa upasuaji wa jumla. Wengi wao hawana mwaka wa kuzunguka idara zote kama utarajali wetu, na tangu 2003 wamewekewa ukomo wa saa 80 kwa wiki. Pengo wameliona pia. Mwaka 2014 umoja wa vyuo vyao vya tiba, AAMC, ulitoa orodha ya kazi 13 ambazo mhitimu aweze kuzifanya siku ya kwanza bila kusimamiwa ana kwa ana. Ukiisoma utacheka, ndiyo yaliyoandikwa humu: kuandika maagizo na dawa, kukabidhi na kupokea mgonjwa, kutambua anayezidiwa na kuanza kumhudumia, kuomba ridhaa.

Kwa kukabidhi zamu wana mpangilio uitwao I-PASS: hali yake (mzito au ametulia), muhtasari, ya kufanya, kinachoweza kuharibika usiku na utafanya nini kikiharibika, halafu anayepokea anarudia alichosikia. Ulipojaribiwa hospitali tisa za watoto, makosa ya kitabibu yalishuka kwa 23%, utafiti ulitoka 2014. Kipande cha nne ndicho kinachorukwa kwetu. "Kitanda namba 6 anaendelea vizuri" si makabidhiano. "Kitanda namba 6, damu imeisha saa mbili, HB (kipimo cha wingi wa damu) irudiwe saa nne, ikiwa chini ya 5 muite bingwa" ndiyo makabidhiano.

Mama_Mwandiga
Mmesahau lugha jamani. Mmesoma kwa Kiingereza, mgonjwa anakuja na Kiswahili cha huku na Kiha, wengine Kirundi. Mwambie mama "mwakeye" asubuhi, utaona anavyofunguka.

Na jinsi ya kuuliza. "Umetumia dawa za kienyeji?" jibu ni hapana, kila siku. Uliza: "Bibi au mama mkwe alikuchemshia nini uchungu ulipoanza?" Hapo utaambiwa majani gani na vikombe vingapi. Dawa za kuongeza uchungu zinaweza kupasua mji wa mimba, kwa hiyo mama ambaye uchungu ulikuwa mkali ghafla ukakata, mapigo ya mtoto hayasikiki na tumbo linauma likiguswa, usikae unajaza partografu (chati ya uchungu). Mpeleke thieta.

Reli_ya_Kati
Mama Mwandiga kamaliza. Mdogo wangu, la mwisho, na hili ni kwa ajili ya ubingwa: kitabu chako cha utarajali kisainiwe siku ileile uliyofanya kazi, pale pale wodini. Usisubiri mwisho wa idara, msimamizi atakuwa semina Dodoma na wewe umehamia wodi nyingine.

Mgebuka_Kibirizi
Sawa kaka. Kalkuleta, tochi ya kichwa na kijidaftari nimeshanunua. Katheta naifuata jioni hii.

Kazuramimba_Juu
Chukua namba 16 au 18, na kondomu pakiti nzima. Za kwanza zitapasuka.