Mchujo wa kupanda Ligi Kuu ni mbeleko kwa walioshindwa, sisi wa Championship tumechoka

Wakuu, habari za muda huu. Naomba mnivumilie, maana nimelibeba hili kifuani muda mrefu na leo nalitua hapa. Timu yangu sitaitaja. Nikiitaja tu, uzi utageuka kuwa ubishi wa klabu moja, na hii si shida ya klabu moja. Ni shida ya kila mkoa wenye timu inayohangaika kupanda.

Kwa wasiofuatilia huku chini, utaratibu wa mchujo ndio huu. Ligi Kuu ya Tanzania ina timu 16, na Championship ndiyo daraja la pili, chini yake. Wa 15 na wa 16 wanashuka moja kwa moja, na wawili wa juu wa Championship wanapanda moja kwa moja. Hapo sina neno. Wa 13 na wa 14 wanacheza wao kwa wao, nyumbani na ugenini. Anayeshinda anabaki Ligi Kuu. Anayefungwa HASHUKI. Anapewa mechi nyingine mbili, safari hii dhidi ya timu ya Championship ambayo nayo imetoka kumenyana na mwenzake, wa 3 na wa 4.

Hebu soma tena hapo. Timu imecheza mechi 30 ikashindwa kujinasua. Ikapewa mechi mbili za kujiokoa, ikashindwa tena. Bado inapewa mbili nyingine! Huyu wa Championship aliyeshika nafasi ya 3 akiteleza mara moja tu mbele ya wa 4, kwaheri, msimu wote umeisha. Mmoja ana roho tatu, mwingine ana moja, halafu tunaambiwa wanashindania nafasi ileile.

Msinijibu kwamba nalia tu kwa uchungu. Angalieni yaliyotokea tangu ligi irudi kuwa ya timu 16, msimu wa 2021/22. Mwaka 2022 Prisons ilifungwa na Mtibwa Sugar kwenye mchujo, ikaja kwa JKT Tanzania, wakati huo ya Championship, ikabaki. Mwaka 2024 Tabora United ilifungwa na JKT Tanzania, ikaja kwa Biashara United, ikabaki. Mwaka 2025 Fountain Gate ilifungwa na Prisons, ikaja kwa Stand United, ikabaki. Timu tatu hizo zote zilikuwa zimeshapoteza mchujo wao wa kwanza, na zote tatu zikaanza msimu uliofuata Ligi Kuu. Sizilaumu hata kidogo. Zimetumia kanuni iliyopo, na wachezaji wao wamepambana. Namlaumu aliyeiandika kanuni hiyo na kila anayeiacha iendelee.

Najua mtu atakuja mbio na jina la Mashujaa. Ndiyo, Mashujaa ya Kigoma iliitoa Mbeya City mwaka 2023 na ikapanda. Heshima yao kubwa sana. Lakini hao Mashujaa walipopanda walifanya nini? Walibaki, na hawakurudi chini msimu wa kwanza kama wengi walivyotabiri. Kwa hiyo ile hoja kwamba timu za Championship hazina kiwango cha Ligi Kuu, Mashujaa wenyewe wameshaijibu uwanjani.

Kingine kinachoniuma ni hiki. Geita Gold iligonga mwamba kwenye mchujo mwaka 2019, ikagonga tena 2020, ikapanda 2021 kwa njia ya moja kwa moja. JKT ilitolewa 2022, mwaka uliofuata ikapanda moja kwa moja. Pamba ya Mwanza, timu yenye jina kubwa kuliko nyingi zilizopo Ligi Kuu leo, ilikwama kwenye mchujo mwaka 2019 mbele ya Kagera Sugar na 2021 mbele ya Coastal Union. Watu wa Mwanza wakasubiri mpaka 2024, timu ilipomaliza nafasi ya 2 na kupanda bila kumpitia mtu. Ukikaa na viongozi wa Championship watakwambia wazi kwamba ukishamaliza wa 3 uanze kujipanga kwa msimu ujao. Mlango upo, ila ni wa kuchorwa ukutani.

Sasa niwaeleze ninachokijua kwa macho yangu, maana wengi mnaona matokeo tu kwenye simu.

Nina duka la nafaka. Msimu mmojawapo timu moja ya Championship ilikuwa na kambi nyumba ya tatu kutoka dukani kwangu. Ligi yao ikaisha, wakamaliza kwenye nafasi ya mchujo, wakamtoa mwenzao, wakaanza kusubiri. Ligi Kuu ilikuwa bado inaendelea. Viporo, yaani mechi zilizoahirishwa, vimejaa, ratiba inasogezwa kila siku. Mpishi wa kambi alikuwa akija asubuhi na ndoo mbili. Mchele kilo 12, maharage kilo 5, mafuta lita 3, sukari kilo 3. Naandika kwenye daftari. Kesho yake hivyohivyo. Wiki ya kwanza walilipa. Ya pili wakalipa nusu. Kufika wiki ya nne mpishi alikuwa anasimama nje kwanza, anasubiri wateja wengine waondoke ndipo aingie. Maharage yakapungua kutoka kilo 5 hadi 3, na idadi ya vijana ni ileile. Viongozi wale ni waungwana, walikuja kulipa deni lote baadaye, tena mmoja wao kwa pesa ya mahari ya binti yake. Lakini kwa nini walifikishwa hapo? Hawakukosea kitu. Walimaliza ligi yao kwa wakati uliopangwa.

Kipa wao alikuwa anapenda kuja jioni, anakaa juu ya gunia karibu na mizani. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja, unaisha tarehe 30 Juni, kama mikataba mingi ya huku. Alikuwa ameshapigiwa simu na timu nyingine. Kila jioni swali ni moja: "Kaka, hivi mechi ni lini?" Nilimjibu sijui. Kocha wake alikuwa hajui. Katibu wa timu alikuwa hajui. Kijana wa miaka 23 anadaka mazoezini bila kujua kama siku ya mechi atakuwa bado ni mchezaji halali wa timu ile.

Na msidhani hayo yametokea mara moja. Mwaka 2025 Championship iliisha Mei. Ligi Kuu ikaburuzwa mpaka mwishoni mwa Juni, na mechi ya watani, Simba na Yanga, iliyokuwa ya Machi 8 ilikuja kuchezwa Juni 25. Mchujo wa mwisho ukaangukia Julai. Wiki zote hizo timu ya Ligi Kuu ina mechi za ushindani, miguu iko moto. Timu ya Championship inacheza bonanza na mechi za kirafiki na vijana wa mtaani. Halafu wanakutana, tunaambiwa wamepimana!

Pesa nayo tusiifumbie macho. Haki za matangazo ya Ligi Kuu ziliuzwa mwaka 2021 kwa mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Timu iliyomaliza ya 14 imekula mgao huo msimu mzima. Huyu anayekuja kupambana nayo amekwenda ugenini kwa basi la kukodi kutoka pembe moja ya nchi hadi nyingine.

Wenzetu wana njia tofauti. Uingereza, timu tatu zinashuka na tatu zinapanda, na mchujo wanacheza wa daraja la chini peke yao. Una ukatili wake, sikatai. Mwaka 2025 Sheffield United walikuwa na pointi 90, wakafungwa fainali pale Wembley na Sunderland waliomaliza na pointi 76, bao la dakika za majeruhi. Inauma. Lakini nafasi ile lazima iende kwa timu ya chini, hakuna wa juu anayerudi kuichukua. Ujerumani ndiko wanakofanana nasi, wa 16 wa Bundesliga anakutana na wa 3 wa daraja la pili, na huko pia wa juu ndiye anayebaki mara nyingi. Hamburg iliokolewa hivyo 2014 na 2015. Iliposhuka ikaonja yenyewe, ikatolewa na Hertha 2022 na Stuttgart 2023. Ila hata Wajerumani hawampi wa juu mechi mbili za kujaribu bahati kabla ya hapo. Hilo kwao halipo.

Ninachotaka mimi si kikubwa. Wa 14 ashuke. Nafasi ya tatu igombewe na wa 3, wa 4, wa 5 na wa 6 wa Championship. Ikishindikana, basi wa 13 aachwe apumzike, maana naye anaonewa kwa kuburuzwa kucheza na timu aliyoizidi pointi, na wa 14 akutane na wa Championship mara moja tu. Na tarehe za mchujo ziandikwe kwenye ratiba kabla ligi haijaanza, zisiguswe kwa kiporo cha mtu yeyote, awe mkubwa kiasi gani.

Yule kipa alicheza mechi zote mbili. Walitolewa kwa tofauti ya bao moja. Asubuhi yake alipita dukani na begi, akaniachia glovu zake nimpe mwanangu, akapanda bodaboda kwenda stendi.

Kama humu yupo mtu anayezijua kanuni vizuri, naomba anielekeze: mwanachama wa kawaida wa klabu apeleke wapi pendekezo la kubadili kipengele hiki, na mwisho wa kupokea ni lini? Barua nimeshaiandika, na watu 41 wa mtaani kwetu wameshasaini.