Wenye makro (programu ndogo za kujiendesha) za kuchuja kolamu kwenye Excel, tupeane uzoefu: ilikutoa jasho siku gani?

Mtunza Stoo: Wakuu, leo dogo wa kitengo chetu kaja mezani kwangu macho yamemtoka, skrini imeandika 1004, namba ya eroo. Kumbe kaita ShowAllData, amri ya kuondoa filta, kwenye shiti ambayo haijachujwa. Nikamwambia atangulize If ws.FilterMode Then, yaani "kama shiti imechujwa", akashukuru kama nimemponya jino. Nikakumbuka 1004 zangu. Leteni zenu.

Binti Hesabu: 1004 tushazoeana, ni kama mke mwenza.

Kolamu ya Tisa: Ngoja nitue mzigo. 2019, ofisi siitaji. Faili la wanachama wenye mikopo, mistari elfu sita na ushee. Kila mwisho wa mwezi makro inachuja kolamu ya 9, "Amemaliza", inafuta mistari inayoonekana, inasevu. Juu kabisa nimeweka On Error Resume Next, yaani eroo ikitokea iruke iendelee, maana bosi hapendi kuona eroo. Mwezi huo mtu wa mapokezi kaona kolamu ya "Simu ya pili" haina kazi, kaifuta. Zikabaki 8. Makro inatafuta Field:=9, haipo, eroo ikamezwa kimya, filta haikushika. Sasa mistari inayoonekana ni ipi? Yote! Ikafutwa, ikasevu. Nimebaki na vichwa tu, Jina, Namba, Tawi... nabonyeza Ctrl+Z kama mtu anayepiga hodi nyumba iliyohamwa. Kazi ya makro hairudi kwa Ctrl+Z, ndo nililijua siku ile. Tuliingiza upya kutoka fomu za karatasi siku nne, na chipsi za timu nilinunua mimi.

Binti Hesabu: Weee! Backup je?

Kolamu ya Tisa: Ilikuwepo, dada. Ya mwaka uliopita.

Fundi Jumla: Samahani mkuu, hapo mkosaji ni wewe, si Excel. Namba ya kolamu haiandikwi kwa mkono, unaitafuta kwa Application.Match kwenye vichwa. Halafu watu wazima mnafanya Excel kuwa database. Power Query, zana ya Excel ya kuvuta na kusafisha data, mnayo bure.

Mtunza Stoo: Bure wapi? Sisi bado tuna Excel 2007.

Fundi Jumla: Basi hilo ni tatizo la ofisi yenu.

Binti Hesabu: Jamani mtu kafiwa na data, nyie mnamsomea sheria.

Mapato na Matumizi: Mimi zilinipiga tarehe. Naandika ">=03/04/2023" nikimaanisha tatu Aprili, VBA, lugha ya makro, inasoma Kimarekani, nne Machi. Ripoti ikabeba malipo ya Machi, mkaguzi akanikalisha. Siku hizi naipa tarehe kama namba: ">=" & CLng(DateSerial(2023,4,3)).

Kimya Kimya: Futeni kabisa hiyo Resume Next.

Fundi Jumla: Hapana. Iweke tu kwenye mstari wa SpecialCells, unaochagua seli zinazoonekana, maana filta isipopata kitu nao unatoa 1004, kisha On Error GoTo 0 papo hapo, eroo zianze kuonekana tena.

Mzee wa Kalamu: Mimi nachuja kwa mkono na nalala usingizi.

Dogo Mgeni: Shikamooni wakuu. Makro yangu inachuja hadi mstari wa 412, chini ya hapo haigusi. Nimerogwa?

Mapato na Matumizi: Marahaba. Angalia wa 413, ni mtupu, na filta huishia kwenye mstari mtupu.

Dogo Mgeni: ...ni mtupu kweli. Mkuu, umeiona wapi shiti yangu?