Kikundi: KIHAMBA CHA BIBI 🍌

Dada Flora: Shikamooni wakubwa. Godi kashuka mlima Kilimanjaro jana, nilimuomba picha ya sebuleni oneni alichoniletea 📷

Mama Neema: Marahaba. Hiyo ni nini, kabichi??

Dada Flora: 😂😂 na mm nimeuliza hivohivo

Godi: Sio kabichi jamani ni lobelia, mmea wa mlimani, ziko nyingi pale kambi ya Horombo mita 3,720. Usiku inafunga majani yote kama mtu kajikunyata kwenye blanketi, alfajiri ukichungulia katikati kuna maji na juu yake yameganda barafu nyembambaa kama kioo cha saa. Nimeichora kabla wageni hawajaamka kudai chai, vidole ganzi, penseli imenidondoka mara tatu

Baba Neema: Mdogo wangu una mkono, ila biashara ni kilele cha Kibo, twiga mbele, jua jekundu. Asubuhi unatandika mchana ushakula

Godi: Kaka njia ya Marangu nimebeba kilo 20 za watu mpaka shingo imejua, sijakutana na twiga hata mmoja. Mbega ndio, kule msituni

Baba Neema: Nenda Siha huku chini, twiga wapo na Kibo inaonekana nyuma yao vizuri tu. Afu Tingatinga yule mchoraji mwenyewe hakusomea sanaa, kaanza Dar 1968 na rangi za baiskeli kwenye hadibodi, kachora wanyama na ndege leo mtindo mzima unaitwa jina lake

Godi: Sasa hapo umesema. Siha ntaenda, ntakaa nao siku mbili niwaone wanavyoinama kunywa maji ndo nichore. Sichori twiga wa kukopi kwenye kanga

Mama Neema: Na lile daftari kubwa la mwaka jana?

Godi: Mvua ya msituni mama, kurasa zote ziligandana kama chapati za jana. Saivi naweka kwenye nailoni ya unga, penseli kwenye soksi, wagumu (wapagazi) wenzangu wananiita mwalimu 😅

Dada Flora: Huyu kaanza na mkaa kwenye ukuta wa jiko la bibi mnakumbuka, alichapwa na mwiko

Godi: Na kesho yake bibi huyohuyo kaniita, we mtoto njoo umalizie mkia wa ng'ombe

Mama Neema: Hahaha mae!! Ule ng'ombe upo mpaka leo moshi umemfanya mweusi tii

Dada Flora: Haya kabichi yangu naitundika, fremu nani anatoa?

Dada Flora: Baba Neema naona umesoma

Dada Flora: 🙄

Mama Neema: Kaenda kuoga

Neema: Shikamooni. Niko kwa bibi nimemuonyesha picha, kaishika simu kaiangalia weeee. Anasema jani la kushoto umelisahau kulikunja, na Jumapili uje na mkaa, ng'ombe kaanza kufutika miguu

Godi: Marahaba. Duh kweli, la kushoto 🤦🏾‍♂️