Saratani ya mapafu, mkojo lita 6 kwa siku, sukari iko sawa: tutazame pituitari (tezi ndogo chini ya ubongo)?

ZamuYaUsiku
Wakuu, naomba mawazo. Mama wa miaka 61, adenokasinoma ya pafu la kulia, hatua ya nne, bado hajaanza kemo. Wiki tatu za uchovu, kichefuchefu na presha ya 90/60. TSH (homoni ya pituitari inayoiamuru tezi ya shingo) 1.2, yaani kawaida, lakini T4 huru (homoni ya tezi ya shingo yenyewe) iko chini. Kichwa kilipozidi kuuma akaanzishiwa deksamethasoni (deksa, dawa ya steroidi) miligramu 8 kwa siku. Nguvu zimerudi, ila tangu hapo mkojo ni lita 6 kwa saa 24, na chupa ya maji haitoki mkononi, usiku na mchana. Sukari 7.2, sodiamu 149. CT ya kichwa imesomwa "haina kitu". Wengine wodini wanasema deksa ndiyo imeleta mkojo, tuiache. Wengine wanataka levothairoksini (T4 ya kidonge) ianze leo. Tuanzie wapi?

Tezi_na_Homoni
Msiiache deksa. Haikuleta tatizo, imelifichua.

Figo haziwezi kutoa maji ya ziada vizuri bila kotisoli, steroidi ya mwili wenyewe. Mtu akikosa kotisoli na vasopresini (homoni inayozuia maji yasipotee kwenye mkojo) kwa pamoja, upungufu wa kwanza hufunika wa pili, na mkojo huonekana wa kawaida. Ukimpa steroidi, pazia linafunguka: lita 5, 6, hata zaidi. Presha ya chini na kichefuchefu vilivyotulia kwa deksa vinaelekea hukohuko. Na sukari ya 7.2 haielezi mkojo wote huo, kwa sababu figo huanza kumwaga sukari ikipita 10 hivi.

T4 iko chini na TSH haikupanda: hapo tezi ya shingo haina kosa, bosi wake kichwani, pituitari, ndiye aliyenyamaza. Anayepima TSH peke yake angemwandikia "thairoidi nzima" na kumrudisha nyumbani.

Kuhusu pituitari: saratani za titi na mapafu ndizo zinazoongoza kupeleka mbegu pale, na hupenda sehemu ya nyuma, kwa kuwa hiyo hupata damu ya ateri moja kwa moja. Sehemu ya mbele hulishwa zaidi na damu iliyokwisha kupita haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo juu yake. Ndiyo maana kiu na mkojo hutangulia. Uvimbe wa kawaida wa pituitari, ule usio saratani, ni nadra sana kuleta diabetisi insipidasi (mkojo mwingi kwa kukosa vasopresini) kabla ya upasuaji. Ukiiona kwa mgonjwa wa saratani, fikiria metastasisi (mbegu za saratani iliyosambaa) kwanza.

Kabla ya yote pimeni kalsiamu. Saratani ya mapafu, hasa ya aina ya skwamasi, huipandisha, na kalsiamu ya juu nayo hukojoza. Kisha uzito maalumu wa mkojo (umekolea au ni mwepesi?) kwa kijiti cha kawaida. Kama maabara haina osmolaliti (ukolezi) ya damu, kokotoeni: sodiamu mara mbili, jumlisha sukari, jumlisha urea, zote kwa milimoli. Sodiamu 149 na mkojo mwepesi kama maji vinatosha. Msimfungie maji kwa kipimo cha kunyimwa kunywa; kwa sodiamu hiyo ni hatari na hakiongezi kitu.

Kotisoli msipime sasa. Deksa imeshaizima, jibu litakuwa chini hata kama pituitari ni nzima. Mchukulieni kuwa hana.

ZamuYaUsiku
Asante daktari. Kalsiamu 2.35, uzito maalumu 1.003. Na levothairoksini?

Tezi_na_Homoni
Steroidi kwanza, thairoidi baadaye. Levothairoksini huharakisha uchomaji wa kotisoli. Ukimpa asiye na akiba unamsukuma kwenye krisisi ya adrenali (presha kuporomoka kwa kukosa kotisoli). Huyu ameshakingwa na deksa, kwa hiyo baada ya siku mbili tatu inaweza kuanza kwa dozi ndogo, maikrogramu 25 hadi 50. Msiifuatilie kwa TSH, haitasema kitu. Fuateni T4 huru.

Deksa ikishushwa isifike sifuri. Ishie kwenye haidrokotisoni (steroidi ya kuziba pengo la kotisoli) miligramu 10 asubuhi, 5 mchana, 5 jioni. Homa ikija, mara mbili. Akitapika au presha ikianguka: miligramu 100 ya sindano papo hapo na drip ya salaini, majibu ya maabara yatakuja baadaye.

Sahani_ya_MRI
CT ya kawaida haioni pituitari vizuri, "haina kitu" isiwatulize. Andikeni kwenye fomu: MRI ya *pituitari*, vipande vyembamba vya milimita 2 hadi 3, kabla na baada ya gadolinia (sindano ya kung'arisha picha). Mkiandika "MRI ya ubongo" mtapewa vipande vinene vinavyoruka tezi nzima. Tafuteni kikonyo (shina linaloining'iniza pituitari) kilichonenepa, kupotea kwa ule mng'ao wa sehemu ya nyuma kwenye picha za T1, na uvimbe uliobanwa katikati kama dambeli. Kwetu huku TB nayo hukaa palepale na kunenepesha kikonyo, kwa hiyo msomaji aambiwe historia ya kifua.

Wakati mnasubiri foleni, pimeni macho kwa kidole: je, haoni pembeni pande zote mbili? Kope limelegea? Anaona vitu viwili? Kama ndiyo, foleni hiyo irukwe. Makutano ya mishipa ya macho yakibanwa, mpasuaji hupitia puani kuyafungulia. Macho yakiwa salama, mionzi na dawa za saratani yenyewe hutangulia. Jibu la EGFR na ALK (vipimo vya jeni za saratani) lidaiwe mapema, vidonge kama osimertinib na alectinib hufika hadi kichwani.

DawaKaunta3
Desmopresini (vasopresini ya kutengenezwa) kibongobongo: kidonge cha maikrogramu 100 wakati wa kulala, basi. Sodiamu kesho, na tena siku ya tatu. Isishuke zaidi ya milimoli 10 kwa saa 24. Dozi ya mchana iongezwe tu kama kiu bado kinamtesa.

Kosa la kawaida ni kumwambia mgonjwa "kunywa maji mengi" huku yuko kwenye desmopresini. Anywe kwa kiu tu. Kila siku mkojo uachwe ufunguke mara moja kabla ya dozi inayofuata, la sivyo maji hujazana, sodiamu hushuka, degedege inafuata. Diklofenaki na karbamazepini huongeza nguvu yake, angalieni faili la maumivu.

Na wakipanga sisplatini (dawa ya kemo), itifaki yake ina lita kadhaa za drip. Mwambieni mfamasia wa kemo kuhusu desmopresini kabla hajachanganya, sodiamu ipimwe kabla na baada ya drip.