Kikundi "Wajukuu wa Bi Zuwena": Sikukuu mosi twende wapi?

Salma: Asalaam alaykum. Shikamoo bibi, shikamoo ami Haji. Watoto wa shangazi Maryam wanateremka kesho kutwa kutoka Maskati. Jioni ya sikukuu mosi tunawapeleka wapi?

Abdul: Forodhani, bustani yetu ya ufukweni Mji Mkongwe. Hilo nalo la kuulizwa?

Nassor: Forodhani hapakaliki. Mara ya mwisho nimevaa kanzu na kofia ya viua, muuza pweza akanisemesha Kiingereza.

Khamis: Ukajibu?

Nassor: Nikajibu. Bei ikapanda.

Salma: 😂😂😂

Shangazi Maryam: Waalaykum salaam wanangu. Hawa wangu wameshaona makachu kwenye simu, wale vijana wanaojirusha baharini, hawataki kusikia pahala pengine.

Nassor: Makachu sawa. Mie nasema meza za chakula. Pale asili yake ni bustani ya watu kupumzika. Wangeziondosha zote tukabaki na miti, majani na mabenchi.

Ami Haji: Asili ipi, Nassor? Ukirudi kwenye asili unakuta forodha. Bidhaa zikishushwa pale na kutozwa ushuru, pembe za ndovu, vitambaa, karafuu, na watumwa vilevile, tusifiche. Zama za Seyyid Said ushuru wenyewe alikodishwa tajiri wa Kihindi, Jairam Shivji. Yeye anakusanya, Sultani analetewa fungu lake kwa mwaka. Hapakuwa na benchi wala jani.

Ami Haji: 1896 zikaja manowari za Waingereza. Dakika 40 hivi za mizinga, majumba ya kifalme yakabomoka na mnara wa taa uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la Sultani, pia. 1905 ikaja reli ya Bububu, inaanzia pale mbele ya Ngome Kongwe.

Abdul: Ami unatutania. Treni Unguja?

Ami Haji: Treni Unguja, tena Wamarekani ndio walioijenga. Maili saba hivi mpaka Bububu, inapita katikati ya mitaa ya mji. Miaka ya 1920 reli ikafa, bandari mpya ikajengwa Malindi, ule ufukwe ukabaki hauna kazi. Ndipo 1936, Seyyid Khalifa bin Harub alipotimiza miaka 25 ya utawala, pakatengenezwa Bustani ya Jubilei. Hiyo asili yako, mwanangu, haijafika hata miaka mia.

Nassor: Haya ami, 1936. Na 1936 kulikuwa na pizza?

Ami Haji: Pizza hakuna.

Nassor: Basi.

Salma: Bibi katuma sauti ya dakika nne. Naiandika kwa ajili yenu mlioko kazini:
"Sisi tulipokuwa wadogo tukipelekwa jioni kusikiliza beni. Wapiga beni wanakaa kwenye kile kibanda, wamevaa sare, shaba zinang'ara. Watoto tunakatazwa kukanyaga majani. Hapana anayekula, labda njugu za kwenye karatasi. 1956 wakajenga lile gati dogo, anakuja Princess Margaret, na sisi tukashonewa nguo mpya kama Idi. Baada ya Mapinduzi wakapaita Bustani ya Jamhuri, lakini sisi ni Forodhani tu. Wauzaji walianza mmoja mmoja na taa za chemli, pweza na muhogo wa kuchoma. Hapana aliyewaweka. Waliwafuata watu."

Nassor: Mmesikia? Hapana anayekula. Kasema bibi mwenyewe.

Salma: Subiri, hajamaliza: "Lakini siwezi kusema zama zile zilikuwa bora. Tulikuwa tukigombezwa mno."

Abdul: 😂 Nassor kalale

Khamis: Nassor ndugu yangu, mashine yangu ya muwa iko pale. Muwa naupitisha, naukunja na kipande cha tangawizi na ndimu ndani, naupitisha tena mpaka utoke mkavu kama kamba. Hiyo ndiyo ada ya skuli ya wanangu. Na mchana sisi hatupo, bustani yako hiyo! Nenda saa saba uone: watu wamelala chini ya miti, wenye boti wanangoja wageni wa kisiwa cha Changuu, wazee na karata zao, wanafunzi na madaftari. Meza tunaziingiza jioni, usiku mkubwa tunaondoka nazo. Zile saa chache zimekukosea nini?

Nassor: Moshi. Na maji ya mafuta yanamwagwa kwenye mizizi ya miti. Mkungu haukuumbwa kunywa mafuta ya ngisi.

Khamis: Hilo una haki. Wapo wanaomwaga, na sisi wenyewe tunagombana nao.

Ami Haji: Nassor hukukiona kile kipindi kabla ya ukarabati, ulikuwa huna habari na bustani, habari zako mpira tu. Ukuta wa bahari umeliwa na mawimbi, majani yamekwisha, vumbi jua likiwaka na madimbwi ikinyesha mvua. Taasisi ya Aga Khan ikajenga ukuta upya, mifereji, taa, pahala pa watoto kuchezea, na miti mikubwa ikaachwa na vivuli vyake. 2009 ikafunguliwa. Kilichonifurahisha mie, wauzaji walihamishwa kwa muda tu, kisha wakarudishwa na kupangiwa upande wao. Wangeweza kutengeneza bustani ya kutazamwa, na walinzi wa kukufukuza.

Salma: Na mie nasema jambo moja, wanaume mtanisamehe. Usiku bila ya zile meza mwanamke mwenye watoto asingekaa pale. Si chakula tu. Ni taa, na macho ya watu. Nimekaa pale na mtoto asiyetaka kulala mpaka saa nne, na kila muuzaji ananijua.

Nassor: Sawa dada. Basi wapunguze moshi.

Khamis: Hapo tumeelewana.

Shangazi Maryam: Na Beit al-Ajaib? Huku inatajwa sana, maana serikali ya huku Omani ndiyo iliyofadhili ukarabati wake.

Ami Haji: Iliporomoka upande Disemba 2020, mafundi wakiwa kazini. Watu wawili walifariki, Mungu awarehemu. Watoto nitawahadithia mwenyewe tukiwa pale mbele yake.

Abdul: Sasa nisikilizeni mie, maana nyote mnapanga usiku. Idi el Fitri ni mwezi mwandamo, kwa hiyo bahari ni bamvua, maji yanajaa sana na kukupwa sana. Kwetu bamvua maji hujaa kiasi cha saa kumi jioni. Makachu hawaruki maji yakikupwa, chini ni mawe. Kwa hiyo makachu ni alasiri. Mkienda baada ya isha mtaona mishikaki peke yake.

Shangazi Maryam: Wanaruka kutoka wapi khasa?

Abdul: Ukutani, shangazi. Anarudi nyuma mpaka kwenye mabenchi, anakuja mbio pekupeku, anakanyaga ukingo mara moja tu, halafu hewani anajikunja au anajipindua kichwa chini. Wenziwe wanapiga makofi kabla hajafika majini. Siri ni ule mguu wa mwisho. Ukichelewa kidogo unaruka juu lakini huendi mbele, na mbele ndiko kwenye kina.

Salma: Bibi anasema: "Na wewe ulikuwa ukinambia uko chuoni, kumbe uko ukutani. Nilikuwa nikiiona chumvi masikioni."

Abdul: Bibi jamani 🙈

Salma: Haya, naandika. Saa tisa na nusu nyumbani kwa bibi, gari ya Nassor na ya ami. Saa kumi makachu. Magharibi wanaume wakasali warudi. Halafu ndiyo chakula. Khamis tuwekee pahala karibu na kibanda cha beni, bibi hataki kurushiwa maji.

Khamis: Pahala pako tayari. Nileteeni jamvi tu, mabenchi sikukuu hayapatikani.

Nassor: Jamvi nitaleta. Na nitalipa pizza mbili, si zaidi.

Salma: Tatu. Shangazi, tafadhali waambie watoto kuruka ni kwa kutazama tu.

Shangazi Maryam: Nimewaambia. Mkubwa ameuliza bahari pale ina kina gani.

Salma: Bibi anajibu: "Mwambie kina cha bakora yangu."